Mayai machache si hukumu ya mimba kuharibika

Kipimo cha AMH, homoni ya kwenye damu inayoashiria wingi wa mayai ya mwanamke, ambacho miaka si mingi iliyopita kilijulikana na mabingwa wa uzazi peke yao, siku hizi hupimwa katika maabara binafsi za Dar es Salaam na Nairobi kwa yeyote mwenye fedha ya kukilipia. Mwanamke anatolewa damu, baadaye anapewa karatasi yenye tarakimu moja, na tarakimu hiyo ikiwa ndogo husikia mambo mawili kwa mkupuo: kwamba mayai yake yanakaribia kwisha, na kwamba hata akishika mimba haitakaa. La kwanza laweza kuwa kweli. La pili, kwa jinsi linavyosemwa, ni kosa, na ni kosa linalowatoa wanawake kwenye matibabu ambayo yangeweza kuwasaidia, au kuwaingiza kwenye gharama zisizo na faida. Ninachotetea hapa ni kwamba wingi wa mayai na uwezo wa mimba kufika mwisho ni mambo mawili tofauti. Yanagusana, na nitaonyesha yanagusana kwa kiasi gani, lakini kinachobeba uzito mkubwa katika kuharibika kwa mimba ni umri wa yai.

Suala hili haliwezi kusubiri, kwa sababu matibabu ya ugumba yametoka pembezoni. Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kwa dunia nzima kuhusu kuzuia, kuchunguza na kutibu ugumba, wenye mapendekezo 40. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake. Kwetu Afrika Mashariki IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili na kulipandikiza kwenye mfuko wa uzazi, ilianzia hospitali binafsi: Kampala ilipata mtoto wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006, na sasa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili nayo imeanzisha huduma hiyo. Ni habari njema kwa watu waliozoea kusikia kwamba tiba hii ni ya India au Afrika Kusini. Lakini WHO yenyewe imeonya kwamba katika baadhi ya maeneo mzunguko mmoja tu wa IVF, yaani jaribio moja la matibabu, hugharimu mara mbili ya kipato cha kaya kwa mwaka mzima. Familia iliyouza kiwanja ili kulipia mzunguko mmoja haina akiba ya kulipia tafsiri mbaya ya majibu.

Tuanze na kile kinachopimwa. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili. Anapovunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na katika maisha yake yote ya uzazi atapevusha takriban mia nne hadi mia tano. Mengine hunyauka yenyewe kila mwezi, awe mjamzito, awe anatumia uzazi wa mpango, awe hafanyi lolote. AMH ni homoni inayotolewa na vifuko vidogo vya mayai vinavyoanza kukua, hivyo kiasi chake katika damu kinaashiria vifuko vingapi viko tayari, na kwa hiyo sindano za IVF zinaweza kuvuna mayai mangapi. Kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri. Chama cha Marekani cha tiba ya uzazi, ASRM, kilieleza mwaka 2020 kwamba vipimo vya hifadhi ya mayai hutabiri vizuri idadi ya mayai yatakayopatikana, lakini peke yake havitabiri vizuri kama mwanamke atazaa. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wanawake 750 wa North Carolina, Marekani, wenye umri wa miaka 30 hadi 44, waliokuwa wanatafuta mimba kwa njia ya kawaida. Wale wenye AMH ya chini walishika mimba kwa kiwango kilekile cha wenzao. Yai linalopevuka kila mwezi ni moja, na anayehitaji moja hadaiwi kuwa na ishirini.

Kuna pia mitego ya karatasi yenyewe, na hii naieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona inavyoumiza watu. Maabara nyingine huandika AMH kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa pikomoli kwa lita, na nanogramu moja ni sawa na takriban pikomoli saba. Mwanamke aliyepata 6 mahali pamoja na 0.9 mahali pengine hudhani mayai yake yametoweka kati ya Januari na Machi, ilhali majibu yote mawili yanasema kitu kilekile. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hushusha AMH kwa muda, na anayepimwa akiwa anavitumia anaweza kutishwa na tarakimu ambayo ingepanda baada ya kuviacha. Ndugu yangu mmoja, akiwa na miaka thelathini na kidogo, alipewa jibu la namna hiyo katika kliniki moja na kuambiwa palepale asijisumbue na mayai yake mwenyewe kwa kuwa mimba zote zitatoka. Hakuulizwa dawa anazotumia, wala hakupigwa ultrasound ya kuhesabu vifuko. Alitoka pale akiwa ameshajiona mtu asiyeweza kuwa mama, na ilichukua muda mrefu kabla hajakubali kuonana na daktari mwingine.

Sasa tuingie kwenye IVF yenyewe. Mwitikio hafifu wa ovari maana yake ni kwamba sindano za kukuza mayai zimechomwa siku zote zinazotakiwa na bado yamepatikana machache. Mwaka 2011 wataalamu wa Ulaya waliokutana Bologna, Italia, walikubaliana vigezo vitatu: umri wa miaka 40 na kuendelea au sababu nyingine inayojulikana kupunguza mayai, kuwahi kuvuna mayai matatu au pungufu, na vipimo vya hifadhi vilivyo chini. Mwanamke lazima awe na viwili kati ya hivyo ndipo aingizwe kundi hili. Tahadhari hiyo ina maana, kwa sababu mzunguko mmoja mbaya hautoshi. Dozi inaweza kuwa ilikuwa ndogo kwa uzito wake, sindano inaweza kuwa ilikosewa saa, na dawa nyingi kati ya hizi zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, jambo ambalo kwa anayesafiri nazo kwa basi kutoka Mtwara au Kisumu si dogo. Mwaka 2016 kundi la wataalamu lililoitwa POSEIDON lilikwenda mbali zaidi, likawagawa wanawake hawa mafungu manne kwa kutumia umri, kwa mpaka wa miaka 35, pamoja na hali ya hifadhi yao. Sababu ya mgawanyo huo ndiyo kiini cha makala haya: mwanamke wa miaka 31 mwenye mayai matatu na mwanamke wa miaka 42 mwenye mayai matatu wana idadi moja, lakini hawana matarajio mamoja.

Tofauti yao iko ndani ya yai. Yai huanza kugawanya kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, msichana akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha hugandishwa katikati ya kazi hiyo mpaka mwezi litakapopevuka. Likipevuka katika umri wa miaka 25 limesubiri robo karne. Likipevuka akiwa na 43 limesubiri zaidi ya miongo minne, na protini zinazoshikilia kromosomu pamoja zimechoka. Ghala lililobaki na magunia machache halimaanishi mahindi yake yameingiwa na fukusi. Kinachoyaharibu ni muda yaliokaa. Utafiti wa mwaka 2014 uliochunguza zaidi ya viinitete 15,000, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, ulionyesha kwamba hitilafu za kromosomu zilikuwa chache zaidi kwa wanawake wa miaka 26 hadi 30, kisha zikapanda mpaka kufikia asilimia 88 kwa wenye miaka 44. Takwimu za Norway, zilizochapishwa mwaka 2019 na kuhusu mimba kwa jumla, zinafuata njia hiyohiyo: mimba kuharibika kwa asilimia 10 katika umri wa miaka 25 hadi 29, na asilimia 53 kwa wenye miaka 45 na kuendelea. Msichana aliyepasuliwa uvimbe kwenye ovari akapoteza sehemu ya hifadhi, au aliyetibiwa saratani, anaweza kuwa na AMH ya mtu wa miaka 45, ila mayai aliyobaki nayo ni ya umri wake.

Wenye mtazamo tofauti na wangu wana hoja nzito. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa mimba zaidi ya 124,000 za IVF kutoka kumbukumbu za mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia kliniki za uzazi. Pale ambapo mayai yaliyovunwa yalikuwa matatu au pungufu, mimba ziliharibika kwa asilimia 20. Pale yalipokuwa kumi hadi kumi na nne, ilikuwa karibu asilimia 14. Uhusiano huo haukuondoka hata walipozingatia umri, na wao wakahitimisha kwamba huenda ubora hushuka sambamba na idadi. Halafu wale wanawake wa North Carolina niliowataja, walipofuatiliwa zaidi, ilionekana kwamba wenye AMH ya chini kabisa, nanogramu 0.4 kwa mililita au pungufu, walipoteza mimba kwa kasi ya takriban mara mbili ya wenzao. Mtu anayesoma haya na kusema hatari ipo, anasema kweli, na daktari anayeificha hamtendei haki mgonjwa wake.

Ninachokataa ni hatua inayofuata. Asilimia 20 ikigeuzwa upande wa pili ina maana kwamba wanawake wanne kati ya watano walioshika mimba kwa mayai matatu au pungufu, mimba zao hazikuharibika. Hakuna tafsiri ya takwimu hiyo inayoweza kuzaa sentensi "mimba zote zitatoka". Ongezeko ni la mimba sita hivi katika kila mia, na sehemu ya ongezeko hilo ina maelezo mengine kabisa yasiyohusu ubaya wa yai. Aliyepata mayai kumi na mawili huishia na viinitete kadhaa, na maabara huchagua kilicho bora. Aliyepata mayai mawili hupandikizwa kilichopo. Hata kama mayai yake ni sawasawa na ya mwenzake, atapoteza mimba nyingi kidogo kwa sababu hakukuwa na cha kuchagua. Kwa maoni yangu, hilo linaeleza sehemu kubwa ya pengo kwa wanawake vijana. Kwa wenye AMH iliyoporomoka kabisa sina uhakika huo, na hasa wakiwa chini ya miaka 35 wanastahili kuchunguzwa sababu, ikiwemo vipimo vya kromosomu na vya jeni, kabla mtu yeyote hajawatabiria lolote.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka upande mwingine kabisa, na inasambaa kwa kasi kubwa zaidi. Novemba 2023 bibi wa miaka 70 alijifungua pacha katika hospitali moja ya uzazi jijini Kampala, na picha zake zikazunguka kila simu. Wengi walihitimisha kuwa basi umri hauna neno, kwamba IVF imeushinda. Mayai hayakuwa yake. Yalichangiwa na mwanamke mwingine, na kilichothibitishwa pale ni kwamba mfuko wa uzazi ukisaidiwa kwa homoni unaweza kubeba mimba muda mrefu baada ya mayai kwisha. Kwa kweli tukio lile ni ushahidi wa ninachosema: katika mimba za mayai ya kuchangiwa, uwezekano wa mimba kuharibika hufuata zaidi umri wa mchangiaji kuliko wa anayebeba. Mwanamke wa miaka 38 anayeahirisha kumwona daktari kwa kuwa ameona habari ya Kampala anapoteza miaka ambayo hakuna sindano itakayoirudisha. Kwake AMH nzuri nayo inaweza kudanganya, kwani mayai mengi ya miaka 42 bado ni mayai ya miaka 42.

Kutokana na kuchanganya idadi na ubora, biashara nayo imepata mlango. Ya kwanza ni kuongeza dozi: mayai ni machache, basi sindano ziongezwe maradufu. Uholanzi ilifanya jaribio kubwa kuhusu hili, likachapishwa mwaka 2017. Wanawake 511 waliotarajiwa kupata mayai machache waligawanywa, wengine wakapewa dozi ya kawaida ya yuniti 150 kwa siku, wengine 225 au 450. Ndani ya miezi kumi na minane, waliopata mimba iliyozaa mtoto hai walikuwa asilimia 42.4 kwa dozi kubwa na 44.8 kwa dozi ya kawaida, huku dozi kubwa ikigharimu zaidi. Sindano haziumbi yai jipya. Huokoa yale yaliyokuwa yamejitokeza mwezi huo na ambayo yangenyauka. Kwa sababu hiyohiyo ni makosa pia kuamini kwamba sindano humaliza mayai ya mwanamke mapema.

Ya pili ni kupima kromosomu za viinitete kabla ya kupandikiza, kwa ahadi kwamba mimba haitatoka. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2021, la wanawake 1,212 wenye viinitete vizuri vitatu au zaidi, lilionyesha kwamba kupima kulipunguza mimba kuharibika kutoka asilimia 12.6 hadi 8.7, lakini waliozaa walikuwa asilimia 77.2 kwa waliopimiwa na 81.8 kwa wasiopimiwa. Kipimo hakitengenezi kiinitete, kinachuja tu. Mwenye kiinitete kimoja au viwili anaweza kulipa fedha nyingi ili aambiwe hana cha kupandikiza. Hata hivyo naelewa mwanamke aliyepoteza mimba tatu anapokichagua, akisema hawezi kubeba msiba wa nne. Huo ni uamuzi wake, na ni wa haki, mradi ameelezwa kwamba ananunua kupungua kwa huzuni, na kwamba nafasi yake ya kupata mtoto haiongezeki.

Ushauri wa kukimbilia mayai ya kuchangiwa unahitaji uzito wa pekee kwetu. Kwa mwanamke wa miaka 44 ambaye dini na nafsi yake vinamruhusu, huenda ndiyo njia ya kweli kuliko zote, na kumzungusha kwa mizunguko mitano ya mayai yake ni kumla fedha. Lakini kwa Waislamu wa Sunni wa Zanzibar, Lamu au Mombasa, fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliruhusu IVF kwa mayai na mbegu za mume na mke waliomo kwenye ndoa, ikakataza mtu wa tatu. Kanisa Katoliki halikubali IVF yenyewe. Kumwambia mke wa miaka 32 huko Malindi, kwa tarakimu moja ya AMH, kwamba njia pekee ni mayai ya mtu mwingine, ni kumfungia mlango kabisa, na katika nyumba nyingine ni kumpa mume sababu ya kuoa mwingine au kumwacha. Neno la daktari hapa linaamua ndoa. Halafu mbegu za mume mara nyingi hazijapimwa hata mara moja.

Kuna pia namna mimba zinavyohesabiwa. Aliyefanyiwa IVF hupimwa damu wiki mbili hivi baada ya kupandikizwa, wakati mimba ikiwa changa mno. Ikitoka siku nne baadaye, ameshaambiwa ana mimba na ameshaambiwa imetoka. Jirani yake aliyeshika mimba kwa njia ya kawaida angedhani hedhi imechelewa tu. Ndiyo maana wanawake wa IVF huonekana, na hujiona, wakipoteza mimba nyingi kuliko wengine. Duniani kwa jumla takriban mimba 15 katika kila 100 zinazotambulika huharibika, na sehemu kubwa ya hizo ni kwa sababu ya kromosomu za kiinitete chenyewe. Zinazobaki zina sababu nyingine: tezi ya shingo, kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa damu kuganda unaojulikana kwa herufi APS, ukuta ndani ya mfuko wa uzazi, aina fulani ya uvimbe, na kwetu tusisahau malaria na kaswende. Mwanamke mwenye AMH ndogo aliyepoteza mimba mbili akaambiwa "ni mayai yako" huenda hajapimwa hata kimoja kati ya hivyo, na kadhaa kati yake hutibika kwa gharama ndogo kuliko sindano za siku moja za IVF.

Basi kinachopaswa kubadilika ni mazungumzo ndani ya chumba cha daktari, na baada yake, hesabu zinazowekwa hadharani. Mwenye mwitikio hafifu anastahili kupewa makadirio mawili yaliyotenganishwa. Moja ni uwezekano wa kufika kupandikizwa, na hapo ukweli ni mchungu: kwa mayai mawili, mizunguko mingi huishia kabla, kwa yai kutopevuka au kutorutubishwa. Jingine ni uwezekano wa mimba kukaa endapo itashika, na hilo litokane kwanza na umri wake. Kwa mwanamke wa miaka 31 picha hiyo inaweza kumpa sababu ya kujaribu tena na kukusanya viinitete kwa mizunguko miwili. Kwa wa miaka 43 inaweza kumpa sababu ya kusimama, akiwa na fedha na nguvu bado mkononi. Wote wawili leo wanapewa jibu moja.

Kliniki nyingi hutangaza asilimia ya waliopimwa wakakutwa na mimba, na hesabu hiyo humeza waliositishiwa mzunguko kwa kukosa mayai pamoja na mimba zilizotoka baadaye. Kipimo chenye maana ni watoto waliozaliwa hai kwa kila mzunguko ulioanzishwa, kikigawanywa kwa umri wa yai na idadi ya mayai yaliyovunwa. Uingereza iliweza kuchambua mimba 124,000 kwa sababu sheria yake inazilazimisha kliniki kuripoti kila mzunguko. Muhimbili ni hospitali ya umma na haina mwenye hisa wa kumfurahisha; inaweza kuanza kuchapisha jedwali kama hilo kila mwaka, hata wagonjwa wakiwa wachache, na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda zikalifanya sharti la leseni kwa kliniki binafsi. Mwanamke wa miaka 33 aliyevuna mayai mawili angeweza kusoma wangapi kama yeye walipandikizwa, wangapi mimba zao zilitoka, na wangapi walirudi nyumbani na mtoto.